Mkono Utoao na Mkono Unyakuao

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Msemo huu umesemwa mara nyingi mno katika harusi na michango hata makali yake yamekuwa butu, na wengi huupokea kama faraja kwa mtu asiye na kitu. Ukitazamwa kwa jicho la mchoraji, hata hivyo, hauna faraja yoyote. Ikiwa kutoa ni moyo, basi kutoa hakuchoreki. Moyo uko ndani ya kifua na hauna umbo linalomjulisha mtu nia ya mwenziwe. Mshairi ana njia ya mkato: husema kwamba fulani alitoa kwa moyo mkunjufu, na neno hilo moja likabeba mzigo wote. Mwenye rangi na mwenye patasi hawana neno hilo. Wana kiwiliwili tu: bega lililoinama, goti lililokunjwa na, zaidi ya yote, mkono. Swali lililoko mbele yao ni zito kuliko linavyoonekana. Je, mkono unaotoa una sura gani, na unatofautianaje na mkono unaonyakua?

Swali hili limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mwamba katikati ya Tanzania. Atokaye Dodoma kuelekea kaskazini, akapita mji wa Kondoa na kuendelea katika barabara kuu iendayo Babati na Arusha, hufika Kolo. Hapo huacha barabara na kupanda kilima kwa miguu mpaka kwenye miamba mikubwa iliyoegemeana na kufanya vibanda vya mawe. Kuta za vibanda hivyo zimejaa michoro: twiga, pofu, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vilivyosukwa au kupambwa kwa namna ambayo haijulikani tena. Mapango na miamba ya namna hii imetapakaa katika miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na idadi yake hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Waliochora walichora kwa muda wa angalau miaka elfu mbili, na hakuna hata mmoja aliyeacha jina.

Mchoro mmoja wa Kolo umeandikiwa kuliko mingine yote. Ndani yake mna watu watano waliosimama kwa safu. Wa katikati, ambaye wengi wamemchukulia kuwa ni mwanamke, ameshikwa mikono yote miwili: wawili wako upande wake wa kushoto na wawili upande wake wa kulia. Wale wa kulia wana vichwa vya ajabu, kama kwamba wamevaa vinyago. Wa kushoto hawana. Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyefanya kazi ya kunakili michoro ya Kondoa mwaka 1951 na kuchapisha kitabu chake juu ya michoro hiyo mwaka 1983, aliona hapo utekaji. Kwa macho yake, wenye vinyago wanamvuta mwanamke ili wamchukue, na wenzake wanamng'ang'ania wasimwachie. Jina hilo la utekaji limeuganda mchoro mpaka leo.

Watafiti waliomfuata waliutazama tena wakaona jambo jingine. Walikumbuka kwamba magharibi ya Kondoa wanaishi Wasandawe, watu wenye lugha ya vidoko ambao wazee wao waliishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, na ambao wanahusishwa na michoro hii nyekundu. Wasandawe wana ngoma iitwayo simbo, ambayo mchezaji hupandwa na hali isiyo ya kawaida, akatetemeka na kuanguka, na walio karibu wakamshika asiumie. Ikiwa mchoro wa Kolo unahusu ngoma ya namna hiyo, basi wale wanne hawamgombei mtu. Wanamtegemeza. Nguvu wanayoitumia ni ya uponyaji, na vichwa vya ajabu vya upande wa kulia ni ishara ya hali waliyoingia, wala si vinyago vya wezi wa wanawake.

Msomaji asiharakishe kuamua nani amepatia. Jambo la kushangaza ni kwamba tafsiri zote mbili zinaukaa mchoro ule ule bila kuhamisha mstari hata mmoja. Mikono haikubadilika. Vidole havikukunjuka wala kukunjika. Katika tafsiri ya kwanza tunao udhalimu mkubwa kuliko wote, wa kumnyang'anya mtu nafsi yake. Katika ya pili tunao wema mkubwa, wa kumpa mtu mwili wako auegemee asianguke. Baina ya mambo hayo mawili hakuna tofauti ambayo jicho laweza kuishika. Mchoraji wa Kolo, ambaye yamkini alijua vyema alichokuwa akikichora, ametuachia mkono usiosema.

Wala tusidhani kwamba hii ni shida ya michoro ya kale peke yake. Lugha yenyewe ya Kiswahili inayo. Neno ukarimu na neno takrima yametoka katika shina moja la Kiarabu, lenye maana ya heshima na upaji. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa na kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa kiasili ambao mgombea angeweza kuwafanyia wapiga kura. Miaka sita baadaye, mwaka 2006, Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Lau mchoraji angetakiwa kuchora mzee anayepokea kilo mbili za sukari kutoka kwa jirani yake, kisha akachora mzee yule yule anayepokea kilo mbili hizo hizo kutoka kwa mtafuta kiti cha Bunge, picha zingekuwa mbili na mkono ungekuwa mmoja. Mahakama ililazimika kufanya kwa hoja na ushahidi kazi ambayo macho hayakuiweza.

Mbali na hapa, katika mji wa Padova nchini Italia, mchoraji Giotto alijaribu kuitatua shida hii mwanzoni mwa karne ya 14 kwa ujasiri wa pekee. Akipamba kanisa dogo lililojengwa na tajiri Enrico Scrovegni, alichora fadhila na maovu kwa sura za watu, zikitazamana kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Hisani aliichora kama mwanamke aliyekanyaga mifuko. Mkono mmoja umebeba bakuli la matunda, na mkono wa pili umeinuliwa juu ukiukabidhi moyo. Ndiyo, moyo wenyewe, umetolewa kifuani na kushikwa kama tunda. Giotto aliuchukua msemo wa wahenga, ambao hakupata kuusikia, akautekeleza neno kwa neno: ikiwa kutoa ni moyo, basi moyo na utoke nje tuuone. Ukutani upande wa pili amesimama Husuda, mkono mmoja umefumbata mfuko na mwingine umenyooshwa wenye kucha, na nyoka anamtoka kinywani na kumgeukia machoni.

Hata hivyo, Giotto hakuiamini picha yake kikamilifu, kwani juu ya kila sura aliandika jina lake kwa herufi kubwa. Alijua kwamba mtazamaji akiziba herufi hizo, aweza kuuliza kama mwanamke yule anautoa moyo au anaupokea. Mchoraji mkubwa kuliko wote wa zama zake alilazimika kuazima neno.

Katika kanisa lile lile mna picha nyingine ya kutoa, na hiyo haikuhitaji jina. Katika tukio la siku ya kiyama, Enrico Scrovegni mwenyewe amepigishwa magoti upande wa waliookoka, akikabidhi mfano mdogo wa kanisa alilolijenga. Baba yake alijulikana kwa riba, na Dante alimweka miongoni mwa walariba katika moto wa utenzi wake. Mtoto akajenga, na akahakikisha anaonekana akitoa. Hapa mkono wa kutoa unatambulikana bila shaka yoyote, kwa sababu mwenye mkono amejichora pamoja nao. Lakini papo hapo nia inaingia wasiwasi. Mtazamaji anajua nani katoa, ila hajui tena kama ametoa au amenunua.

Dodoma nayo inao mfano wa zawadi yenye jina, tena mzuri wa kutazamwa. Mwaka 2010 ulifunguliwa katika mji huo msikiti mkubwa wenye kuchukua maelfu ya waumini, uliojengwa kwa fedha za Libya na kuitwa Msikiti wa Gaddafi, kwa jina la kiongozi wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata kiongozi huyo alipinduliwa na kuuawa. Msikiti ulibaki. Aingiaye humo siku ya Ijumaa, akavua viatu na kunyoosha safu pamoja na jirani asiyemjua, hahitaji kuijua hesabu ya mtoaji wala nia yake. Kila rakaa inayosaliwa humo inaitenga zawadi na jina lake kidogo kidogo. Hilo linatoa fununu ya jibu, nayo inafaa kuwekwa akiba mpaka mwisho: pengine zawadi haiwi zawadi kamili siku inapotolewa, bali siku wapokeaji wanapoifanyia jambo lao wenyewe.

Katika sanaa za Tanzania ya karne ya 20 ulitokea mtindo mmoja uliojaribu kuikwepa shida ya mkono kwa kumwondoa mtoaji kabisa. Huo ni mtindo wa wachongaji wa Kimakonde unaonasibishwa na Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji. Awali uliitwa dimoongo, na baadaye ukajulikana kwa jina la ujamaa. Katika gogo moja la mpingo, mchongaji hutoa watu kumi, ishirini au zaidi, waliopandana na kushikana mpaka wakawa mnara. Kila mmoja amembeba mwenziwe, na kila mmoja amebebwa. Jicho likianza chini na kupanda, halipati mahali pa kusema: huyu ndiye mkarimu, na huyu ndiye aliyekarimiwa. Huyo aliyetoa bega lake amepewa bega la mwingine. Mti ni mmoja, na wote wametoka ndani yake. Ni vigumu kupata katika sanaa ya dunia fikra ya kupeana iliyochongwa kwa ufasaha kuliko huo.

Lakini jina lile la ujamaa lina historia yake juu ya ardhi ya Dodoma, na historia hiyo haimruhusu mtazamaji kukaa katika furaha. Kabla uhamishaji wa vijiji haujaenea nchi nzima, Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kushughulikiwa, katika ile iliyoitwa Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971. Rais Julius Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akashiriki kazi kwa mikono yake. Nia iliyotangazwa ilikuwa ya upaji mtupu: maji, shule, zahanati, na nchi kusaidiana. Wapo waliohamia kwa hiari na kupata vitu hivyo. Wapo pia waliohamishwa bila kutaka, wakaacha tembe zao, mashamba yao yaliyotawanyika kwa hekima ya mvua isiyotabirika, na malisho ya ng'ombe wao. Familia iliyopandishwa lori pamoja na vyungu na magunia yake ilishikwa mikono pande mbili, kama yule wa Kolo. Aliyeshika alikuwa na hakika kwamba anategemeza. Aliyeshikwa hakuulizwa.

Basi hapa swali la sanaa linageuka swali la maadili, na wala haliwezi tena kuachiwa wachoraji peke yao. Ikiwa mkono wa mtoaji hausemi, ikiwa jina la mtoaji latia shaka, ikiwa hata nia njema ya mtoaji haizuii kitendo kuwa unyang'anyi, tutautambua ukarimu kwa alama gani?

Nyanda za kati zina haki ya kuulizwa, kwa sababu ukarimu wa huko haukulelewa katika neema. Mvua ya Dodoma kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa msimu mmoja na kuondoka. Ugogo ni nchi ya uwele, mtama, mlenda na ng'ombe, na pia ni nchi iliyohesabu miaka yake kwa njaa. Njaa kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za karne iliyopita iliikumba baina ya 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita yakikusanya nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ikakosekana juu ya hayo, na maelfu wakafa. Wagogo waliipa njaa hiyo jina la Mtunya. Wanahistoria hulifasiri jina hilo kuwa ni kunyang'anyana, kugombea kilichobaki. Njaa nyingine hupewa jina la mzizi ulioliwa au la mdudu aliyekula mazao. Hii ilipewa jina la kitendo cha mkono. Watu walioteseka waliona kwamba ubaya uliopita kiasi haukuwa ukosefu wa nafaka. Ulikuwa ule mkono ambao jana ulipeana na leo unanyakua.

Dhidi ya jina hilo kuna chombo, na chombo hicho ndicho sanaa ya macho iliyo karibu zaidi na ukarimu katika nchi hiyo, ingawa makumbusho hukiweka katika kabati la vyombo vya jikoni. Ni kibuyu. Hukuzwa shambani, hukaushwa, hutobolewa na kukomolewa mbegu, kisha hutiwa nakshi kwa ncha ya chuma cha moto au hupambwa kwa shanga. Kikipasuka hakitupwi, hushonwa kwa uzi wa ngozi au nyuzi za mmea, na mshono wenyewe huwa pambo. Nakshi za kibuyu hazichori mtu akitoa. Ni mistari, pembe tatu, vitone. Ukarimu hauko katika picha iliyo juu ya kibuyu. Uko katika safari ya kibuyu. Kinatoka mkononi mwa mama mwenye nyumba kikiwa kimejaa maziwa, kinaingia mkononi mwa mgeni, mgeni anakunywa, anampa aliye kando yake, naye anakunywa. Ile nakshi nzuri, ambayo aliyeitia alikaa saa nyingi ameiinamia, inatazamwa kwa karibu kuliko wote na mtu ambaye si mwenyewe: mgeni, kinywa chake kikiwa ukingoni na macho yake yakiwa juu ya mistari. Urembo umefanywa kwa ajili ya jicho la mpokeaji.

Na hapo ndipo alama inayotafutwa inapoonekana. Aliyepokea kibuyu hakubaki ameshikwa. Amebaki na mkono wake, nao una kazi mara moja, kwa sababu kibuyu hakikai. Mgeni aliyekuja na njaa ya njiani, ndani ya pumzi chache, amekuwa mtoaji kwa jirani yake wa kushoto. Ukarimu hautambulikani kwa mkono wa anayetoa. Hutambulikana kwa mkono wa anayepokea: kama umeachwa huru, na kama waweza kutoa kwa zamu yake. Zawadi inayomwacha mtu hana tena cha kutoa isipokuwa shukrani si tofauti sana na utekaji, hata ikiwa imefungwa kwa karatasi nzuri. Unyang'anyi nao, kwa kipimo hicho hicho, hautambulikani kwa ukali wa mshikaji. Hutambulikana kwa yule aliyeshikwa, ambaye mikono yake imekwisha kuwa mali ya wengine.

Kipimo hiki kinayapanga upya mambo yaliyotajwa. Takrima ya uchaguzi inashindwa, kwa kuwa inakuja kuchukua mkono wa mpokeaji kwa siku moja tu anayouhitaji, siku ya kura. Operesheni inashindwa pale ilipomwondolea mkulima uamuzi wake, na inafaulu pale mwanakijiji alipopewa maji akayafanya yake. Mnara wa Kimakonde unasimama, mradi usifanywe picha ya amri, maana kila aliyemo amebaki na bega la kumpa aliye juu. Msikiti wenye jina la mtu aliyekufa unafaulu polepole, kwa kadiri mikono ya wanaosali humo inavyoufagia, kuukarabati na kuwakaribishia wengine.

Wapenzi wa ushairi hawatakosa kumkumbuka mtu mmoja wa nchi hiyo hiyo. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa karibu na mji wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917, mwaka wa kuanza kwa Mtunya, na kufariki mwaka 1969, aliandika historia na desturi za watu wake kwa Kiswahili, kisha akatunga mashairi ambayo watu wa pwani na visiwani waliyapokea kama ya mtu wao. Yeye ndiye aliyeipa sifa ngonjera, ile tungo ya kujibizana, na ngonjera zake za UKUTA zilichapwa mwaka 1970 baada ya kifo chake. Ngonjera zilitumika sana kuhubiri siasa ya wakati ule, na nyingi zilizotungwa na wengine baada yake zilikuwa majibizano ya uongo: mmoja anauliza upumbavu ili mwingine atoe hotuba. Lakini umbo lenyewe lina adabu ya kibuyu. Ubeti unatolewa kwa mwingine ili ajibu, na mshairi anayejua kazi yake humwachia mpinzani hoja ya kweli mkononi. Asiyemwachia hoja hajajibizana naye, amemteka.

Yawezekana mtu akapinga na kusema kwamba haya yote ni kuwapamba wachoraji wa kale kwa mapambo ya leo. Kweli, hakuna ajuaye kama waliochora Kolo walikuwa wakarimu. Yamkini walichora kwa hofu, au kwa kiburi, au kwa sababu zisizo na jina katika lugha yetu. Vilevile ingekuwa kosa kuchagua tafsiri ya uponyaji kwa sababu tu inapendeza. Kumdhania mema kila mshika mkono ni ukarimu wa bei rahisi, unaolipwa na aliyeshikwa. Ikiwa yule wa katikati alitekwa kweli, basi kila anayemwita mgonjwa anayehudumiwa anamteka mara ya pili. Heshima anayostahili ni kuachwa swali lake likiwa wazi.

Lililo hakika ni jinsi michoro ilivyopokewa. Pango kuu la Kolo, liitwalo Mungomi wa Kolo, si kaburi la sanaa. Wenyeji wameendelea kupanda huko kuomba mvua na uponyaji, nao huchinja mnyama na kumwaga kinywaji mahali ambapo mababu wa watu wengine, wenye lugha nyingine na maisha mengine, walipaka rangi. Wachoraji wa baadaye, waliokuja na kilimo na mifugo, waliongeza michoro yao myeupe katika miamba hiyo hiyo, na mara nyingine juu ya mekundu. Wako pia waliokuja kwa mkono mwingine: wamechimba chini ya miamba kwa tetesi kwamba Wajerumani waliokimbia vitani walificha dhahabu huko. Shimo la mchimbaji na damu ya mbuzi wa tambiko viko hatua chache kutoka ukuta mmoja. Mtaalamu wa hifadhi anazo sababu za kuvihofia vyote viwili, kwa kuwa kinywaji kinachomwagwa karibu na rangi huidhuru rangi. Lakini havilingani. Mwenye mbuzi ameyaona mahali hapo kuwa ni kitu alichopewa, kwa hiyo amepanda kilima akiwa na kitu cha kutoa. Mwenye sururu ameyaona kuwa ni kitu alichofichwa.

Aliye mbele ya mchoro wa watu watano asimame basi, aitazame mikono ya yule wa katikati. Yote miwili imeshikwa. Kwa muda huo mmoja uliogandishwa katika mwamba hana mkono wa kumpa mtu. Mchoro hausemi kitakachofuata, na hauwezi kusema: kama ngoma itakwisha, ainuke, afute jasho, na kesho awe miongoni mwa wanaomshika mwingine, au kama atavutwa upande wa kulia na kupotea. Mchoraji ameiacha hukumu katika saa inayokuja baada ya picha, saa ambayo mikono hiyo ama itaachiliwa au haitaachiliwa. Ndiyo saa ambayo kila aliyewahi kumpa mwenziwe kitu, iwe ni maziwa, shamba, msikiti au nchi, hupimwa ndani yake.